Mjusi, Kinyonga na Biashara ya Viumbe



Mwaka huu kijana wetu mmoja alikuja madrasa na kinyonga ndani ya chupa ya maji. Mtu mmoja wa Mbagala alikuwa amemwahidi pesa. Tulipomkemea akajibu kwa hoja: "Ustadhi, si Mtume (S.A.W.) ameamrisha mjusi auawe? Basi kumuuza kuna ubaya gani?" Siku ile hatukumjibu vizuri. Tunamjibu hapa.

Hadithi ya mjusi ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini tuisome mpaka mwisho. Katika mapokezi ya Muslim, thawabu kubwa ni ya anayeua kwa pigo la kwanza, kisha hupungua kwa pigo la pili na la tatu. Ikiwa hata yule aliyeamrishwa kuuawa hatakiwi kuteswa, ruhusa ya kumkausha kiumbe ndani ya chupa tumeitoa wapi? Na kinyonga siye mjusi huyo. Wengi wetu tunamchukia kwa hadithi za bibi tu.

Kufuga peke yake hakukukatazwa. Mtoto Abu Umair alikuwa na kindege chake, na Mtume (S.A.W.) akamliwaza kilipokufa. Ila yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula aliingia motoni.

Kuuza ni mlango mwingine. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu cha madhehebu yetu ya Shafi, anashurutisha kiuzwacho kiwe na manufaa, na hasharati, yaani viumbe vidogo vitambaavyo, havitimizi sharti hilo. Mfanyabiashara atasema manufaa yapo, kwani Wazungu wanalipa. Sisi tunasema bei si manufaa. Tazameni Kimboza.

Msitu wa Kimboza uko Morogoro, karibu na Matombo. Humo yumo mjusi mdogo, dume lake buluu, anayeishi kwenye mikadi, jamaa ya mkadi wetu wa pwani. Nje ya hapo hupatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya jirani. Kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, kundi moja la wakamataji lilitoa zaidi ya 32,000, na mikadi ikakatwa ili kuwafikia. Mwaka 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES ulipiga marufuku biashara ya waliokamatwa porini. Huko Ulaya wanazalishwa katika masanduku ya kioo, na wafugaji husema wanawaokoa. Tunakubali kwamba anayezaliwa kwenye kioo hupunguza haja ya kuingia msituni. Lakini wazazi wao wa kwanza walitoka Kimboza, na aliyenunua hakuja kupanda mkadi.

Serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai mwaka 2016. Juni 2022 ikatangaza kuwapa wafanyabiashara miezi 6 wamalize waliobaki mikononi mwao, kisha mara ikasitisha ruhusa hiyo. Sisi tuliwafikiria wale waliomo mabandani. Fiqhi inasema aliyemfungia mnyama ana wajibu wa kumlisha, soko liwepo lisiwepo.

Kijana wetu alimwachia kinyonga kwenye mpera nyuma ya darasa. Pesa ya Mbagala hakuipata. Tulimpa nauli ya daladala.