Visiki vya Kizuka vilindwe kabla ya kupanda miche

Mfanyabiashara anayevuka kutoka Kigoma au Uvira kwenda Rumonge hufuata mawese na dagaa, ambao wenyeji huwaita ndagala. Habari za kuni haulizi. Lakini mawese hayo yamechemshwa kwa kuni, na makaa yanayopikia Bujumbura hutoka pia katika vilima vya ukanda huo. Vilima vikibaki uchi, mvua ya mkupuo hushusha udongo ziwani na barabarani. Lori likikwama njiani, hasara ni ya mwenye mzigo.

Burundi imeahidi kurejesha uoto kwenye hekta milioni 2. Nchi nzima haifiki hekta milioni 2.8. Ahadi ya ukubwa huo haitimizwi kwa vitalu vya miche pekee, hata kama sherehe za kupanda miti hupendeza kwenye picha.

Msitu wa asili wa Rumonge, kuanzia vilima vya upande wa Kizuka, ni miombo, na miombo ina tabia yake. Mche wake hukaa miaka mingi ukijenga mizizi huku juu ukiwa mfupi, na kiangazi kirefu huua mingi. Kisiki kilichokatwa huchipua chenyewe, kwa sababu mizizi ipo tayari. Adui yake ni moto wa Agosti na Septemba, mbuzi, na panga linalorudi mapema mno.

Ng'ambo, mkoani Kigoma, somo hili limekwisha kujaribiwa. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa na taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994, ulianza na vitalu vya miche. Baadaye vijiji vilitenga misitu yao na kuacha visiki vichipue chini ya ulinzi wa wanakijiji wenyewe. Rumonge haihitaji kwenda mbali kujifunza.

Kuna jambo la soko pia. Makaa yakibanwa upande mmoja wa ziwa, wanunuzi huhamia upande mwingine. Burundi, Tanzania na Kongo zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kibali cha gunia la makaa kinapaswa kusomeka sawasawa katika bandari zote tatu. Wenye mitambo ya mawese nao wapewe mikopo ya majiko yanayokula kuni chache, maana kuwakataza tu ni kuwafundisha kukata usiku.

Njia za kuzuia moto zifyekwe mwezi Mei, nyasi zikiwa bado na unyevu.