Watoto na Saa za Usiku

Wazazi kadha wa hapa Miburani wametuletea suali, nasi twaona kheri tulijibu mbele ya wasomaji wote. Wasema: watoto wa siku hizi hawarudi nyumbani ila usiku umekwenda sana, je, hapana sheria ya Serikali iwakatazayo kutoka? Na kama haipo, serikali ya kijiji haiwezi kuiweka, mgambo wakawakamata?

Jawabu la suali la kwanza ni fupi. Tanzania Bara haina sheria ya nchi nzima imwambiayo mtoto kuwa saa fulani imefika, aingie ndani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imepita njia nyingine: imemshika mtu mzima. Imekataza mtoto kuajiriwa kazi ya usiku, na usiku wenyewe imeupimia, tangu saa 2 usiku hata saa 12 asubuhi. Imekataza pia kumwuzia mtoto ulevi. Basi mwenye chombo amchukuaye kijana wa miaka 14 kuvua dagaa kwa taa usiku kucha, kisha akampa ujira wake, yeye ndiye wa kuulizwa, si kijana. Twalisema hili kwa kuwa asubuhi twawaona chuoni watoto wanaosinzia juu ya msahafu, na wazazi wao hawaoni neno, maadam kitoweo kimefika nyumbani.

Walakini zipo nchi zilizoweka sheria juu ya mtoto mwenyewe. Huko Iceland mtoto wa miaka 12 na chini yake hana ruhusa ya kuwa nje peke yake baada ya saa 2 usiku. Wa miaka 13 hata 16, baada ya saa 4. Kuanzia tarehe 1 Mei hata 1 Septemba huongezewa saa mbili, kwani jua la kwao wakati huo huchelewa mno kutua. Aliyefuatana na mtu mzima hana kosa, wala kijana arudiye moja kwa moja kutoka shughuli ya skuli au ya michezo. Mji wa Chicago, Marekani, uliifanya saa 4 usiku kuwa mpaka wa kila siku mwaka 2022. Nao humwacha mtoto aliyetumwa na mzazi wake, sharti asipite kwingine, na aliye kazini, na aliyepatwa na dharura, na atokaye katika mkusanyiko wa dini wenye wasimamizi. Jimbo la Texas nalo, mwaka 2023, liliikataza miji yake kuweka amri kama hizo.

Na sisi Waislamu tunayo yetu, iliyo kongwe kuliko zote hizo. Katika Hadithi aliyoipokea Jabir, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watoto wazuiliwe usiku uingiapo, kisha ipitapo saa ya usiku waachiliwe. Wengi wetu tumeishika nusu ya kwanza, hii ya pili tumeisahau.

Sasa suali la mgambo. Halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, ikapelekwa mbele ya mkutano wa kijiji na kuthibitishwa na halmashauri ya wilaya. Hatuikatai. Illa twataka watakaoruhusiwa waandikwe kwanza, ndipo zitajwe saa. Ndugu zetu wa Lamu waliwekewa amri ya kutotoka, wakubwa kwa wadogo, tangu tarehe 20 Julai 2014, saa 12 na nusu jioni hata saa 12 na nusu asubuhi. Zilikuwa siku za mwisho za Ramadhani. Muulize mvuvi wa usiku, au mwenye kuzoea tarawehe msikitini, atakueleza.

Basi aandikwe mtoto atokaye chuo baada ya Isha, na wa tarawehe, na aliyetumwa dawa au kumwita mkunga. Na yuko mmoja ambaye wazazi walioleta suali hawakumtaja: mtoto aliye nje kwa sababu nyumbani kwao anapigwa, au yumo mtu anayemwogopa. Mgambo akimburuta huyo mpaka mlangoni kwao, amemrudisha wapi? Huyo ni wa kupelekwa kwa afisa wa ustawi wa jamii, au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, tena kwa upole, bila ya fimbo. Sharti hili likikosekana katika sheria ndogo, sisi hatutainua mkono mkutanoni.

Kwa upande wa chuo chetu, tangu mwezi huu wanafunzi wa Isha watatoka kwa makundi, kila kundi njia yake, na mkubwa mmoja mwenye taa. Mzazi ambaye mwanawe hajafika nusu saa baada ya sala na asingoje asubuhi. Aje atugongee mlango.