Mpira haudundi wenyewe

KILA wiki yenye mechi ya Simba au Yanga dhidi ya timu ndogo, waandishi wetu hurudi ofisini na sentensi ileile kwenye daftari. Kocha wa timu ndogo kaulizwa kajipangaje, naye kajibu: “Tunawaheshimu, ni timu kubwa, ila mpira unadunda.” Basi. Mahojiano yameishia hapo.

Siku ya mechi inafika. Dakika ya 20 kibonde yuko nyuma kwa mabao mawili, na kipa wake bado analala chini kupoteza muda. Unajiuliza, anapoteza muda wa nani? Filimbi ya mwisho inapulizwa, tunaambiwa kwamba tatu bila si mbaya ukiangalia bajeti za timu hizi mbili. Wachezaji wanabadilishana jezi na mastaa, wanapiga picha, wanapanda basi.

Sisi tunasema si sawa. Mpira ni kweli unadunda, lakini haudundi wenyewe. Unadunda pale ulipopigwa. Ukichunguza vipigo vilivyoishangaza dunia, vile ambavyo watu bado wanasimuliana vijiweni, utakuta karibu vyote vilianza kutengenezwa mapema, siku ambayo hakukuwa na kamera uwanjani.

Tuanze hapahapa nyumbani. Mwaka 2003 Simba ilipangwa na Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Ligi ya Mabingwa Afrika. Dar es Salaam Simba ikashinda 1-0, na wengi wakasema ni ushindi wa kujifariji tu, maana Cairo wataoga mabao. Cairo Zamalek walipata bao moja, likabaki hilohilo moja mpaka mwisho. Ikaja mikwaju ya penalti. Juma Kaseja, kipa kijana, akasimama golini mbele ya uwanja mzima uliokuwa unamzomea, akapangua. Marehemu Christopher Alex akapiga mkwaju wa mwisho, Simba ikavuka kwa penalti 3-2 na bingwa wa Afrika akavuliwa taji kwake.

Miaka yote hii watu wanakumbuka penalti. Wachache wanakumbuka kilichozileta. Kikosi cha kocha Mkenya, James Siang’a, kilikaa uwanja wa ugenini muda wote huo kikiwa kimeruhusu bao moja tu. Timu iliyokwenda Cairo kungoja mpira udunde isingefika hata kwenye penalti. Ingekuwa imeshamalizwa kabla ya mapumziko.

Tuvuke mpaka. Februari 29, 1996, mjini Pune, India, Kenya ilicheza na West Indies kwenye Kombe la Dunia la kriketi. Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huo, West Indies ndio waliobeba makombe mawili ya kwanza ya dunia, 1975 na 1979. Kenya ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kushiriki, na wachezaji wake wengi walikuwa na kazi zao za kila siku, kriketi wanacheza baada ya kazi. Wakapiga kwanza, wakaishia mbio 166. Wazungumzaji wakaanza kuhesabu West Indies watamaliza saa ngapi.

Hawakumaliza. Brian Lara, mmoja wa wapigaji hatari kuliko wote duniani, alitoka na mbio 8 tu. Nahodha Maurice Odumbe akawarushia mipira ya taratibu, ya kuzunguka, kila mara palepale, bila haraka. Wakubwa walitaka kumaliza mapema wakapumzike, wakawa wanapiga ovyo na kutoka mmoja mmoja. West Indies nzima ikaondolewa kwa mbio 93. Kenya wakashinda kwa tofauti ya mbio 73.

Ona alichofanya Odumbe. Hakujaribu kuwa na nguvu kuliko West Indies. Alijua jambo moja analoliweza, akalirudia mpaka mkubwa akakosa subira. Dharau ya mkubwa ni silaha ya mdogo, lakini haimsaidii kama hajajifunza kuitumia.

Mfano wa tatu unatoka Lubumbashi. Desemba 14, 2010, kule Abu Dhabi, TP Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika Kusini, mabao 2-0 katika nusu fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kucheza fainali ya mashindano yale. Dunia ilimtazama kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio kushangilia, ikacheka, ikasema Waafrika wamepata bahati.

Bahati gani? Mazembe walikuwa wamefika kulekule Abu Dhabi mwaka mmoja nyuma, 2009, wakapoteza mechi zote mbili, moja kwa Pohang ya Korea Kusini na nyingine kwa Auckland City ya New Zealand. Ilikuwa aibu. Wakarudi nyumbani, wakatetea ubingwa wa Afrika, wakarudi tena Uarabuni wakijua hali ya hewa, kasi ya mechi na makosa yao. Tena walirudi bila staa wao Trésor Mputu, aliyekuwa anatumikia adhabu ya FIFA kwa vurugu za Kombe la Kagame kule Kigali. Fainali walifungwa 3-0 na Inter Milan, sawa. Ila ile nusu fainali hakuwapa mtu. Waliilipia mwaka mzima.

Na kama kuna anayedhani haya ni ya zamani, aitazame tena Saudi Arabia ilivyoifunga Argentina 2-1, Novemba 22, 2022, Kombe la Dunia Qatar. Argentina walikuja na mechi 36 bila kufungwa. Messi akafunga penalti dakika ya 10, na mpaka mapumziko Waargentina wakawa wametikisa nyavu mara tatu zaidi, zote zikakataliwa kwa kuotea. Mara tatu! Ile haikuwa bahati mbaya ya Messi. Kocha Hervé Renard, huyuhuyu aliyeipa Zambia Kombe la Afrika mwaka 2012, alikuwa ameipandisha safu yake ya ulinzi juu kabisa, mchezo wa kamari unaohitaji mabeki wanne kusogea kama mtu mmoja. Mabeki hawasogei hivyo kwa dua. Wanasogea hivyo kwa kurudia mazoezini mpaka miguu ijue yenyewe. Kipindi cha pili Saudi Arabia wakafunga mara mbili ndani ya dakika tano, kazi ikaisha.

Mechi hiyohiyo ina somo kwa vigogo. Argentina hawakulia na refa wala hawakufukuza kocha. Walirekebisha kikosi, wakashinda mechi iliyofuata, na Desemba 18 wakanyanyua kombe. Linganisha na vigogo wetu. Wakifungwa na timu ya mkoani, kabla jasho halijakauka msemaji yuko redioni: refa, uwanja mbovu, ratiba, wachezaji wamehongwa. Siku ya tatu kocha yuko uwanja wa ndege na begi lake. Hakuna anayesema neno dogo na rahisi: walituzidi.

Visingizio hivi si vyetu peke yetu. Februari 11, 1990, Tokyo, Buster Douglas alimwangusha Mike Tyson raundi ya 10. Tyson alikuwa hajawahi kupigwa, na waliokuwa wanapanga viwango vya kamari walimpa Douglas nafasi ya 42 kwa moja. Mama yake Douglas alikuwa amefariki wiki chache tu kabla ya pambano. Raundi ya 8 Douglas mwenyewe alikwenda chini, akanyanyuka, akaendelea na ngumi yake ya kushoto iliyomtesa Tyson pambano zima. Baada ya pambano kambi ya Tyson ikadai refa alihesabu polepole Douglas alipokuwa chini. Siku chache baadaye madai yakafa. Aliyelala raundi ya 10 alikuwa Tyson.

Lakini Douglas ana somo la pili, na hili ndilo linalotuuma zaidi. Oktoba mwaka uleule alipanda ulingoni kutetea mkanda dhidi ya Evander Holyfield akiwa mzito, amenona. Akalala raundi ya tatu. Yule mtu aliyefanya kazi isiyowezekana Februari hakuweza kuirudia baada ya miezi minane.

Ndivyo inavyokuwa tukiamini kwamba tulishinda kwa muujiza. Muujiza hautunzwi, unasimuliwa tu. Kenya walifika hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, halafu migogoro ikaula mchezo, na mwaka 2014 wakapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Na Simba yetu ile iliyomvua taji Zamalek? Iliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa, na haikuyaona tena makundi ya mashindano hayo mpaka msimu wa 2018/19. Miaka 15 tulikuwa tunapiga stori za Cairo. Kaseja tulimsifu, ila hatukukaa chini kuuliza ile timu ilitengenezwaje ili tutengeneze nyingine.

Sasa turudi kwenye ligi yetu. Hii si ligi ambayo wadogo hawajawahi kuwika. Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda daraja ikabeba ubingwa 1986. Coastal Union ya Tanga ilikuwa bingwa 1988. Mtibwa Sugar, timu ya shamba la miwa, ilibeba mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Azam ilifanya hivyo msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja. Baada ya hapo? Kwa zaidi ya miaka kumi kombe limekuwa likipokezana safari kati ya Msimbazi na Jangwani, kama kikombe cha kahawa cha wazee wawili kibarazani.

Tunajua sababu za fedha, wala hatuzidharau. Mchezaji ambaye hajalipwa miezi mitatu hawezi kukimbia dakika 90 sawa na mwenzake anayelala hotelini. Lakini si kila kitu ni fedha. Kuna viongozi wa timu ndogo wanaochukua mechi yao ya nyumbani dhidi ya kigogo na kuihamishia mji mwingine, wapate mapato ya mlangoni. Uwanja wako mgumu unaoujua kila shimo, mashabiki wako, joto au baridi yako, vyote umeviuza. Halafu unamwambia kocha akapambane! Kiongozi wa namna hiyo ameshakubali kufungwa kabla ya ratiba kutoka, na amepokea risiti.

Kuna makocha pia ambao mpango wao ni watu kumi nyuma na kuomba. Kujilinda si dhambi, Simba walijilinda Cairo na Saudi Arabia walijilinda Qatar. Tofauti ni kwamba wale walijua wakipata mpira wanaupeleka wapi. Huku kwetu beki akiupata anaubutua kokote, unamrudia baada ya sekunde nne, anaubutua tena. Huwezi kubutua dakika 90.

Maoni yetu ni haya. Bodi ya Ligi na TFF wazuie kuhamisha mechi za nyumbani kwa sababu ya mapato, labda uwanja uwe umefungiwa. Viongozi wa timu ndogo walipe mishahara kabla ya kuahidi bonasi ya kumfunga Simba au Yanga, kwa sababu ahadi ya milioni kadhaa kwa mtu mwenye njaa ni mzaha. Makocha wachague jambo moja ambalo timu yao inaweza kulifanya vizuri, walirudie mpaka liwe la kwao. Na sisi waandishi tuache kuandika “maajabu” kila kibonde anaposhinda. Tukiandika hivyo tunamnyang’anya jasho lake na tunampa kigogo mahali pa kujificha.

Ligi ambayo matokeo yanajulikana tangu ijumaa haiwasaidii hata hao wakubwa. Wakitoka nje wanakutana na timu ambazo haziwaogopi, wanashangaa, wakati nyumbani hakuna aliyewazoesha kupigwa.

Kwa hiyo wiki hii mwandishi wetu akimsogelea kocha wa timu ndogo na kumuuliza kajipangaje, tunaomba asimwambie kwamba mpira unadunda. Hilo tunalijua. Amwambie jumatatu walifanya mazoezi ya nini.