Shule Rafiki za Ng'ambo si Mfereji wa Misaada

Shule inapotangaza kwamba imefunga urafiki na shule ya Ulaya, wazazi wa Kiislamu aghalabu hugawanyika. Wapo wanaouliza: tutaletewa nini? Na wapo wanaouliza: watoto wetu hawatapotezwa? Sisi twaona maswali yote mawili yanaliacha kando jambo lenyewe, nalo ni elimu.

Uhusiano huu si wa jana. UNESCO ilianzisha mtandao wake wa shule mwaka 1953 kwa shule 33 za nchi 15, na leo zimepindukia 12,000. Mwanza ina udugu na mji wa Würzburg, Ujerumani, tangu mwaka 1966. Dar es Salaam na Hamburg zilitiliana saini mwaka 2010, na shule za miji hiyo zimekuwa na mashirikiano.

Tuchukue mfano wa saumu. Ramadhani ya mwaka 2015 iliangukia Juni na Julai. Mfungaji wa Dar es Salaam alikaa na njaa kiasi cha saa 13. Yule wa Hamburg, mji wenye Waislamu wengi wenye asili ya Kituruki, alivuka saa 18. Mwalimu wa jiografia aweza kuchora duara ubaoni na kueleza jinsi mhimili wa dunia ulivyoinama mpaka kengele ilie, na nusu ya darasa isiambulie kitu. Lakini mtoto aliyepokea barua ya mwenzake yenye saa ya daku na saa ya kufuturu, akazilinganisha na zake, hatatulia mpaka ajue sababu. Kisha ataandika jibu, na ataliandika kwa uangalifu, kwa kuwa yupo mtu wa kweli anayelingojea. Hayo yote hayahitaji tiketi ya ndege. Twalisisitiza hili kwa sababu shule nyingi huhesabu faida kwa wanafunzi kumi waliosafiri, zikawasahau mamia waliobaki.

Kwa upande wa shule, faida kubwa ni ya mwalimu. Walimu wawili wanaoandaa somo moja kwa pamoja hulazimika kupanga, kuweka kumbukumbu na kueleza kwa nini wanafundisha hivi na si vile. Mazoea hayo hubaki shuleni hata mgeni akiondoka. Kompyuta kuukuu zilizoletwa mahali pasipo na umeme wala fundi hazibaki na kitu ila vumbi.

Na hapa ndipo penye ugonjwa. Shule moja ikiwa mtoaji na nyingine mpokeaji wa daima, watoto wetu hujifunza kunyoosha mkono, na wale wa upande wa pili hujifunza kutuonea huruma. Waingereza wenyewe waliliona hilo: mpango ambao serikali yao iliugharimia tangu mwaka 2003 hadi 2012 ulisisitiza usawa badala ya sadaka, na ulilipia ziara za walimu wa pande zote mbili. Nasi tunacho cha kutoa. Kiswahili, ambacho UNESCO ilikitengea siku yake ya 7 Julai, ni hazina ambayo shule ya Hamburg haiwezi kuipata kwenye kamusi peke yake.

Ama hofu ya dini, hatuidharau. Lakini dawa yake ni mzazi kuhudhuria kikao cha kamati ya shule, siyo kumzuia mtoto. Chakula, nafasi ya swala, hijabu, mwalimu wa kike wa kufuatana na wasichana, familia itakayowapokea: haya huandikwa miezi kabla ya safari, hayaulizwi uwanja wa ndege. Shule rafiki yenye nia njema huyakubali bila ya tabu. Na wanaomruhusu mvulana aende kisha wakamzuia dada yake aliyefaulu kumzidi, hali masharti hayo yote yametimizwa, watueleze hoja yao ni ipi.