Msafiri Anayetusikia Njiani

Limekuwapo kwa muda mrefu, miongoni mwa askari wetu na ndugu zetu wa polisi, wazo moja ambalo sisi twaliona kuwa ni la hatari. Wazo hilo lasema kwamba mtu wa nje hawezi kuyafuata maneno yetu ya redioni kwa safari nzima, kwa sababu kila wilaya ina masafa yake, na msikilizaji akishavuka mpaka hubaki na redio inayokoroma tu. Yawezekana kwamba hapo zamani wazo hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Leo halina tena, na hatuna budi kulisema jambo hilo waziwazi.

Kwanza tuzieleze ala zenyewe. Iko redio ya kupokea iitwayo skana. Redio hiyo haikai juu ya steshini moja kama redio ya nyumbani, bali hupita upesi juu ya masafa mengi. Inapokuta sauti husimama na kusikiliza, na maneno yakiisha huendelea na msako wake. Raia wa Marekani wamekuwa wakizinunua dukani kwa miaka mingi na kuzifunga ndani ya magari yao. Iko pia ala ya GPS, ambayo wengi wetu twaifahamu. Hiyo hupokea ishara za setilaiti zilizoko juu kiasi cha kilometa 20,200, na ikizipata nne au zaidi hujua iko mahali gani juu ya uso wa dunia. Mtambo huo ni wa jeshi la Marekani, na ulikamilika mwaka 1995. Hadi Mei 2000 raia walipewa ishara iliyopotoshwa makusudi, hata vipimo vyao vikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Upotoshaji huo ulipoondolewa, mwenye ala ndogo ya mkononi akapata kipimo ambacho zamani kilikuwa cha askari peke yao.

Sasa ala hizo mbili zimeozwa. Kampuni ya Uniden, kwa mfano, ilitengeneza skana ya gari iitwayo BCD996T yenye tundu la kuunganisha kipokezi cha GPS kwa waya. Kipokezi huipelekea skana mstari wa maandishi kila mara, nao mstari huo hutaja latitudo, longitudo na mwendo wa gari. Mwenye skana huwa amekwisha kuandika ndani ya kumbukumbu yake, kwa kila mtandao wa redio, mahali ulipo katikati yake na upana wa duara unamosikika. Gari likiingia ndani ya duara, skana huyafungua masafa ya mahali hapo. Likitoka, huyafunga na kuyafungua ya mbele. Dereva hagusi kitu.

Tuchukue njia moja inayojulikana. Barabara kuu nambari 95 hutoka Washington kwenda Richmond katika jimbo la Virginia, mwendo wa saa mbili hivi barabara inapokuwa nyeupe. Njiani gari hupita katika kaunti za Fairfax, Prince William, Stafford, Spotsylvania, Caroline na Hanover, na kila kaunti ina polisi wake au sherifu wake, na idara yake ya zimamoto. Mpenzi wa skana wa miaka ya nyuma alikuwa akisafiri na kitabu cha masafa magotini. Ilimbidi asimame kando ya barabara, aingize tarakimu kwa kidole, na pengine alipomaliza alikuwa amebakiza kilometa chache tu kutoka katika kaunti ile. Ugeni wake ndio uliokuwa ngao ya wale aliotaka kuwasikiliza. Siku hizi hana ugeni. Tena mwaka 2010 kampuni hiyo hiyo ilitoa skana iitwayo HomePatrol, ambayo iliuzwa ikiwa na orodha ya masafa ya Marekani nzima na Kanada ndani yake, hata kazi ya kuandika ikaondoka.

Hapa yafaa tuwe waadilifu. Sisi hatuungi mkono wale wanaomwona kila mwenye ala hiyo kuwa ni mpelelezi. Nchini Marekani zipo redio za serikali zinazotangaza hali ya hewa usiku na mchana kwa masafa saba, kuanzia megahezi 162.400 hadi 162.550, na msafiri anayepita katika nchi ya vimbunga huokoa roho yake kwa kuzisikia. Wapo madereva wa malori, wapo wazimamoto wa kujitolea, na wapo hata watu wazima wenye akili timamu ambao raha yao ni kusikiliza madereva wa magari moshi wakizungumza! Serikali za huko zimejaribu kuweka mipaka. Skana zilizotengenezwa tangu mwaka 1994 hazikuruhusiwa kupokea masafa ya simu za mkononi, na majimbo kama Florida na New York yamezuia kubeba ndani ya gari redio inayopokea masafa ya polisi, isipokuwa kwa wenye leseni ya redio za ridhaa na wengine waliotajwa katika sheria.

Lakini askari asijifariji kwa sheria. Sheria humkamata yule aliyesimamishwa na kupekuliwa. Skana ni kipokezi, na GPS nayo ni kipokezi. Zote mbili husikiliza tu. Mtambo wetu wa kutafuta mahali redio ya adui iliko hufanya kazi kwa sababu adui amesema neno. Huyu hasemi neno. Aweza kuwa katika gari la tatu nyuma ya msafara wetu, na hatuna namna ya kumjua.

Ala hizo zina udhaifu wake, nao ni vema ujulikane, maana ni ule ule unaowasumbua vijana wetu katika somo la ramani. Duara halifanani na mpaka wa wilaya, wala mlima haujali nusukipenyo. Kwa hiyo mara nyingi skana hufungua masafa ambayo bado hayasikiki, au huyafunga yangali yanasikika. Aliye na ramani inayotaja dakika 30 akaandika nukta 30 ya digrii, badala ya nukta 50, amekosea kwa kiasi cha kilometa 22 kwenda kaskazini au kusini. Mmarekani wa Denver akisahau alama ya magharibi hujikuta China. Nasi tunaoishi juu ya mstari wa Ikweta tuna mtego wetu: Masaka iko kusini ya mstari kwa thuluthi moja ya digrii, na anayeisahau alama ya kusini ameuhamisha mji huo kiasi cha kilometa 75 kwenda kaskazini, ng'ambo ya mstari kule Kayabwe unakopitiwa na barabara. Afisa anayeomba mizinga au gari la wagonjwa kwa hesabu ya namna hiyo atajibu mbele ya wazazi wa watu.

Turudi kwenye maneno. Mwezi wa Agosti 1914, huko Tannenberg, majenerali wa Urusi walipelekeana amri kwa redio bila kuzifumba. Wajerumani wakazisikia, wakajua kila jeshi linakwenda wapi na litafika lini, wakalizingira jeshi la Jenerali Samsonov na kulivunja. Mateka peke yao walizidi 90,000, na jenerali mwenyewe alijiua. Mtu angedhani kwamba miaka zaidi ya 100 inatosha kujifunza. Mwaka 2022, katika vita vya Ukraine, vikosi vya Urusi vilisikika tena vikizungumza kwa redio za wazi, na safari hii waliosikiliza na kurekodi hawakuwa wapelelezi wa jeshi peke yao, bali pia raia wapenzi wa redio waliokaa majumbani mwao.

Wako watakaotuambia kwamba dawa ni kununua redio za kufumba maneno. Sisi hatuipingi dawa hiyo. Polisi wa jiji la New York walianza kuyafumba masafa yao mwaka 2023, ijapokuwa waandishi wa habari walilalamika sana, na malalamiko yao hayakuwa ya bure. Hata hivyo, kila aliyepata kusafiri katika msafara wa magari mchanganyiko anajua yanayotokea. Lori moja lina redio mpya, la pili lina ya zamani, na gari la polisi linalotangulia lina ya namna nyingine kabisa. Baada ya dakika kumi za kutosikilizana, mtu mmoja husema, “Hamieni chaneli ya wazi.” Hapo mabilioni ya fedha za wananchi huwa yamekwenda bure.

Tulipokuwa kadeti tulipata somo ambalo hatujalisahau. Katika zoezi moja la siku mbili, mkufunzi wetu wa mawasiliano aliketi kilimani ndani ya Landrova akiwa na redio ya kupokea ya kawaida na daftari la shule. Jioni ya pili alitukusanya, akalifungua daftari, akatusomea bila kupandisha sauti: saa ya kuondoka, idadi ya malori, mahali pa kuvizia, jina la kamanda wa kombania kama alivyoitwa na rafiki yake, na mahali ambapo chakula kingeletwa. Hakuna aliyecheka. Yule aliyelitaja jina la kamanda alikuwa mmoja wetu tuandikao haya, na wahenga hawakukosea kusema kwamba mdomo huponza kichwa. Mkufunzi yule hakuwa na GPS. Ilimbidi achague kilima kimoja na kukaa hapo. Angekuwa nayo, pamoja na skana, angetufuata kutoka bonde hadi bonde, na daftari lisingetosha.

Basi rai yetu kwa makamanda wa vikosi na wa polisi wa mikoa ni hii. Msafara ujao utakapopangwa, tusingoje mgeni atusikilize. Pawepo askari wetu mmoja, mwenye akili na mwandiko mzuri, apewe skana na kipokezi cha GPS, asafiri ndani ya gari la kiraia nyuma ya msafara kutoka mwanzo hadi mwisho. Asiambiwe masafa yetu, ayatafute mwenyewe. Kila atakachosikia akiandike, pamoja na saa na mahali aliposikia, kwa latitudo na longitudo zenye alama zake. Madereva na watu wa redio wasijue yupo. Tukishafika, kabla ya watu kwenda kula, daftari lake lisomwe mbele ya wote.