Wadhamini wanakosea bei ya michezo ya wanawake

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa bei za korosho, kahawa na dola. Wiki hii nawaomba wanivumilie, kwani ipo bidhaa ambayo wafanyabiashara wetu huikosea bei kila mwaka, nayo ni michezo ya timu ya wanawake.

Meneja akiombwa kudhamini timu ya netiboli, fedha huzitoa kwenye fungu la misaada, lile lile la madawati na vyandarua. Hotuba yake itasema michezo ni afya na hujenga umoja kazini. Si uongo, lakini hicho sicho kinachomleta mama uwanjani saa kumi na moja jioni, miguu ikiwa imechoka na nauli akiwa amejilipia.

Nendeni mkaone robo ya nne, magoli yakiwa yanapishana kwa moja. Mlinzi amenyoosha mikono mbele ya mfungaji, mwenzake anapiga kelele kuwa mpira umeshikwa zaidi ya sekunde 3, na mwamuzi anazongwa pande zote. Karani ambaye ofisini humwamkia mkuu wake kwa adabu zote, hapa anamfokea, "Umelala!" na mkuu anaamka. Katika mashindano ya SHIMIWI, watumishi wa wizara huvuta kamba kana kwamba wamewekewa nyumba rehani. Wanawake hawa wamekuja kumshinda mtu, na raha yao iko hapo. Anayejilipia nauli kufuata raha, katika biashara tunamwita mteja.

Nitajibiwa kwamba watazamaji hawapo. Desemba 1920, wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr cha Preston, Uingereza, walicheza soka mjini Liverpool, katika uwanja wa Goodison Park, mbele ya watu wapatao 53,000. Mwaka uliofuata, Desemba 1921, Chama cha Soka cha huko kilivikataza vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, kikidai mchezo huo hauwafai. Katazo hilo lilidumu karibu nusu karne. Machi 30, 2022, Barcelona na Real Madrid za wanawake zilipokutana Camp Nou, waliingia watu 91,553. Wateja hawakuzaliwa mwaka huo. Kwa miaka mingi duka lilikuwa limefungwa, na sisi tuliokulia kwenye habari za bidhaa adimu tunajua foleni hupotea pale watu wanapochoka kusubiri.

Kwetu, Simba Queens walitwaa ubingwa wa CECAFA mwaka 2022, wakaenda Morocco na kushika nafasi ya nne kwa vilabu vya Afrika. Sisemi netiboli ingelipa kesho kwa kiingilio. Viwanja vingi havina hata uzio, sasa tiketi utamkatia nani?

Ninachosema ni kwamba fedha inanunua kitu kisicho chenyewe. Bonanza la siku moja, fulana mpya na soda, halina mshindi anayekumbukwa Jumatatu. Wachezaji wanataka ligi yenye ratiba, waamuzi wanaolipwa na msimamo unaochapishwa gazetini. Meneja atakayeletewa barua ya maombi mwezi huu aulize kwanza ratiba iko wapi, kisha hundi aiandike kutoka fungu la matangazo.