Kibanja na Kiwanja

Wasomaji wetu wa Karagwe na Kyerwa wamezoea kutusikia tukipiga kelele juu ya bei ya kahawa. Leo kahawa ipumzike kidogo. Twataka kusema habari ya mahali anapolala mtu baada ya kazi, kwani hakuna awezaye kulala juu ya gunia la kahawa, hasa ikiwa kahawa yenyewe imekwisha kuuzwa kwa butura tangu ikiwa maua.

Lililotuchochea ni neno la ndugu mmoja, mtu wa heshima zake, aliyetukuta njiani Omurushaka akatuuliza tunakaa wapi siku hizi. Tulipomtajia mtaa wetu wa Kayanga alicheka akasema, "Ah, Mwalimu! Bado uko kule kwenye vyumba vya bei rahisi?" Tulimjibu kwamba tuko, na tukaagana kwa amani. Lakini neno lile tulikwenda nalo nyumbani, likakataa kutoka.

Ni kweli, vyumba vyetu ni vya bei rahisi. Ni saba, vimepangwa mstari chini ya bati moja, ua mmoja, choo kimoja, na bomba moja ambalo siku nyingine hutoa maji na siku nyingine hutoa upepo. Asubuhi ukungu huingia hadi mlangoni, na baridi ya Karagwe haimwulizi mtu mshahara wake. Tunakaa na mwuguzi, na vijana wawili wa bodaboda, na fundi cherehani, na mama mmoja akaangaye maandazi kabla jogoo hajawika. Mvua ikinyesha juu ya bati lile hamwezi kusikizana, hata mkipiga kelele. Mtoto wa mmoja akiugua usiku, bodaboda iko tayari mlangoni kumpeleka hospitali Nyakahanga, na nauli itazungumzwa kesho. Mkaa ukikwisha, mwenzako anao. Mkungu wa ndizi ukija kutoka kijijini kwa mmoja, vyungu vyote saba vyajua. Hatusemi kwamba huko kwa wenye mageti ya chuma hakuna utu. Twasema tu kwamba huko jirani humjui mpaka mbwa wake akuume.

Basi, aibu iko wapi? Aibu haiko katika bei ndogo. Iko katika mambo mengine, na hayo ndiyo twataka kuyataja waziwazi.

Watu wetu wengi hudhani kwamba Mwingereza, kwa kuwa alitutawala, kwao wote hukaa katika majumba. Sivyo hata kidogo. Mfanyakazi wa Kiingereza amekaa miaka mingi katika nyumba nyembamba za matofali zilizobanana ubavu kwa ubavu, baridi ukutani, na pango akilipa kila wiki. Lakini baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919, nchi ile ilitunga sheria iliyozipa halmashauri za miji fedha na wajibu wa kuwajengea watu wa kipato kidogo. Mashariki ya London, mahali paitwapo Becontree, kati ya mwaka 1921 na 1935 zilijengwa nyumba zaidi ya 25,000 juu ya mashamba ya mboga. Kila nyumba ilikuwa na maji ndani, choo chake, na kipande cha bustani. Mpangaji alikuwa mtu wa gatini, wa kiwandani, wa kuendesha basi. Mtaa ulikuwa wa bei nafuu, wala haukuwa mtaa wa kutupwa.

Na tazameni walivyouharibu wenyewe. Mwaka 1980 serikali yao ilitunga sheria ya kuwauzia wapangaji nyumba hizo kwa bei ya kupunguziwa. Walionunua walifurahi, na nani asingefurahi? Karibu nyumba milioni mbili zimeuzwa katika England, na zilizojengwa kushika nafasi yake ni chache. Nyingi katika zilizouzwa zimeangukia mikononi mwa watu wanaozipangisha kwa bei wanayotaka. Leo zaidi ya familia milioni moja za Waingereza ziko katika orodha ya kungojea nyumba za halmashauri.

Msiwacheke. Sisi tulianza vema pia. Mwaka 1962, uhuru ukiwa haujatimiza mwaka mmoja, tuliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Kisha kuanzia mwaka 2002 serikali yetu nayo iliuza maelfu ya nyumba zake, na mwaka 2005 ikafutwa sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikimkinga mpangaji asipandishiwe kodi ovyo wala kutolewa nje bila sababu. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wamebaki wawili katika chumba, na ufunguo anao mmoja.

Wazee wa Karagwe wanajua harufu ya jambo hili. Walikuwapo watu katika nchi hii waliolima migomba yao, wakaizungushia nyasi, wakazika wazee wao chini yake, na hata hivyo ardhi ilikuwa ya bwana, nao wakampelekea sehemu ya mavuno. Nyarubanja ile iliondolewa kwa sheria ya mwaka 1965, na serikali ya TANU haikuomba radhi kwa mtu. Mwenye kibanja akawa mwenye kibanja kweli. Sasa mjukuu wake ameacha kibanja, kwa kuwa wamegawana ndugu sita na sehemu yake haitoshi kufuga hata kuku, amekuja mjini kutafuta kazi. Anadaiwa kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, kabla hajaweka mkeka chini. Mkataba ni wa mdomo. Risiti hakuna. Mtu huyu tumwite nani?

Miji yetu inakua, na kukua huko hakumngoji mtu. Tangu Kyerwa ifanywe wilaya yake mwaka 2012, Rubwera imepata ofisi, na ofisi huleta makarani, na makarani huleta duka la chipsi. Nkwenda na Isingiro zinajaa, na Murongo, ng'ambo ya mto Kagera kutoka Uganda, ni mlango wa biashara. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 kila moja ya wilaya hizi mbili ilikuwa na watu zaidi ya 320,000. Lami ilipofika Bugene kutoka Kyaka, kila mwenye chumba karibu na barabara aligundua ghafula kwamba chumba chake ni cha thamani, ingawa dirisha ni lile lile lisilofunga.

Hatutaki mtu atuambie kwamba tungoje. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoupiga mkoa wa Kagera, zilizoanguka kwa wingi zilikuwa nyumba za matope na matofali yasiyofungwa kwa nondo, yaani nyumba za watu wasiokuwa na uchaguzi. Kujenga kwa bei nafuu si kujenga kaburi.

Twasema hivi basi. Halmashauri zetu zipime viwanja kabla mji haujajaa, si baada yake, maana ukipima baada unapima ugomvi. Sehemu ya viwanja hivyo iwekwe kando kwa mwuguzi, mwalimu, fundi na mama wa maandazi, kwa bei wanayoweza kulipa kidogo kidogo, na maji na barabara vitangulie nyumba. Mwenye kibanja ambacho mji umekifikia alipwe fidia yake kamili kabla mgomba wake hata mmoja haujakatwa, kama sheria za nchi zinavyotaka. Tumeona mahali ambapo upimaji ulianza na fidia ikafuata kama mkia wa ng'ombe, na watu wakauchukia mji tangu siku ya kwanza. Na hicho kitakachojengwa kwa fedha ya umma kipangishwe, kisiuzwe.

Kuhusu kodi, twataka mkataba wa maandishi, kwa Kiswahili, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na risiti kila fedha inapotoka mkononi. Hili halihitaji fedha ya serikali, lahitaji daftari na kalamu. Wenye nyumba waungwana wako wengi, wengine wamejenga vyumba viwili kwa jasho la miaka kumi ya kahawa, nao daftari litawalinda na wapangaji wajanja wanaohama usiku. Hao nao wako, tusifichane.

Mama wa maandazi, jirani yetu wa mlango wa tatu, ameambiwa kodi yake itakuwa maradufu tangu mwezi ujao, au ahame. Ana watoto watatu katika shule ya hapo karibu. Jumapili jioni wapangaji wote saba tutakaa uani pamoja na mwenye nyumba, ambaye amekubali kuja, na mwenyekiti wa kitongoji ameombwa kuwa shahidi. Daftari tumekwisha kulinunua.